Kuokoa data kutoka diski kuu

Kuokoa data kutoka diski kuu ni kazi ya kutoa faili zilizomo katika diski kuu ya kompyuta wakati diski hiyo inapoanza kuharibika, au baada ya kuharibika, na kuzihamishia kwenye diski nyingine iliyo nzima. Faili hizo zinaweza kuwa picha za familia, tasnifu ya mwanafunzi, alama za mitihani ya shule, hesabu za duka au kumbukumbu za utafiti. Diski mpya hupatikana dukani, lakini faili isiyo na nakala mahali pengine haipatikani popote.

Kanuni kuu za kazi hii ni tatu: diski inayoharibika iwashwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, isiandikwe kitu chochote kipya, na nakala yake kamili itengenezwe kabla ya jaribio lingine lolote.

## Muundo wa diski kuu

Diski kuu, ambayo wengi huiita hadi diski, ni kifaa cha kutunza data kwa njia ya sumaku. Diski ya kwanza ya aina hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956 pamoja na kompyuta ya 305 RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, na iliweza kutunza herufi milioni 5 hivi. Diski za leo zina sahani chache za inchi 3.5 au 2.5, lakini hutunza terabaiti moja au zaidi.

Ndani ya diski kuna sahani za alumini au kioo zilizopakwa utando mwembamba wenye sifa za sumaku. Mota huzizungusha mara 5,400 au 7,200 kwa dakika katika diski nyingi za kawaida. Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa cha kusomea na kuandikia, kilichoshikwa na mkono unaokwenda mbele na nyuma. Kichwa hakigusi sahani: huelea juu ya hewa kwa umbali mdogo sana, unaopimwa kwa nanomita. Kwa sababu hiyo punje ya vumbi au mshtuko wa kuanguka unaweza kukifanya kigonge sahani na kukwaruza utando wenye data.

Uso wa sahani umegawanywa katika vipande vidogo vinavyoitwa sekta, kila kimoja chenye baiti 512 au 4,096. Chini ya diski kuna bodi ya saketi inayoongoza mota na mkono. Diski pia ina programu yake ya ndani, ambayo hutambua sekta zilizochoka na kuweka nyingine za akiba mahali pake.

## Aina za uharibifu

Uharibifu hugawanyika katika makundi mawili makubwa.

*Uharibifu wa kimantiki* hutokea diski ikiwa nzima lakini orodha ya faili ikiwa imevurugika. Hapa huingia faili zilizofutwa kwa bahati mbaya, diski iliyofomatiwa, mashambulizi ya virusi, na umeme uliokatika wakati kompyuta inaandika. Faili ikifutwa kwenye diski ya sumaku, mfumo wa uendeshaji kwa kawaida haufuti maudhui yake, bali huweka alama kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Maudhui hubaki mpaka faili nyingine iandikwe juu yake.

*Uharibifu wa kimwili* huhusu kifaa chenyewe: sekta mbovu zinazoongezeka, vichwa vilivyochakaa au kuvunjika, mota iliyokwama, au bodi iliyoungua. Diski inayoharibika kwa namna hii huzidi kuharibika kila inapotumika. Kichwa kilicholegea kinaweza kusoma faili moja na wakati huohuo kuikwaruza nyingine.

Makundi haya huweza kukutana. Sekta mbovu zikiangukia kwenye orodha ya faili, kompyuta husema kwamba diski haijafomatiwa na kuuliza kama ifomatiwe. Jibu sahihi la swali hilo ni hapana.

## Dalili

Dalili za kawaida za diski inayoharibika ni hizi:

- Kompyuta inachukua muda mrefu kuwaka, au inaganda kila inapofungua folda fulani.
- Faili zinafunguka nusu, au majina yake yanageuka kuwa alama zisizosomeka.
- Kunakili kunasimama mahali palepale kila mara na ujumbe wa kosa la usomaji hutokea.
- Diski inatoa mlio wa kugonga unaojirudia, au mlio wa kukwaruza.
- Diski inaonekana na kupotea kwenye kompyuta bila kuguswa.
- Diski haizunguki kabisa, au inalia kwa sauti nyembamba na kusimama.

Dalili tatu za kwanza mara nyingi hutokana na sekta mbovu, na mtumiaji makini anaweza kujaribu kuokoa data mwenyewe. Mlio wa kugonga au wa kukwaruza ni habari nyingine: vichwa vina hitilafu, na kila dakika ya umeme inaweza kupoteza data zaidi. Diski ya namna hiyo izimwe mara moja.

Diski nyingi zina mfumo wa kujichunguza uitwao SMART, unaoweza kusomwa kwa programu kama smartctl au CrystalDiskInfo. Vipimo vyenye maana zaidi ni idadi ya sekta zilizohamishwa (namba 5), sekta zinazosubiri uamuzi (namba 197) na sekta zisizosomeka (namba 198). Vikiwa juu ya sifuri na vikizidi kupanda, diski haifai kuaminiwa tena.

Hata hivyo ukimya wa SMART si dhamana. Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko diski isiyo na kosa hilo. Lakini zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya ishara nne kuu za SMART. Kwa hiyo ishara ikitokea iheshimiwe, lakini isipotokea mtu asijione yuko salama.

## Hatua za kwanza

Makosa mengi yanayopoteza data hufanyika katika saa ya kwanza, mwenye kompyuta akihangaika. Mambo ya kuepuka ni haya:

1. Kuwasha na kuzima kompyuta mara nyingi kwa matumaini kwamba itakubali.
2. Kuendesha programu ya kurekebisha diski kama chkdsk. Programu hiyo huandika kwenye diski ileile na inaweza kufuta orodha za faili ambazo zingeokolewa.
3. Kufomati au kusakinisha upya mfumo wa uendeshaji.
4. Kusakinisha programu ya kuokoa faili kwenye diski ambayo faili zake zinatafutwa.
5. Kufungua kifuniko cha diski.

Ikiwa diski bado inasomeka na haitoi mlio wa ajabu, na faili muhimu ni chache, zinakiliwe hizo kwanza: tasnifu kabla ya filamu. Ikiwa kunakili kunakwama, isitishwe na kutengenezwa taswira kamili ya diski.

Ni vizuri pia kujua kama diski imefungwa kwa usimbaji. Kompyuta nyingi zenye Windows hutumia BitLocker, na bila ufunguo wake wa kurejesha, wenye tarakimu 48, data iliyookolewa haitasomeka. Ufunguo huo mara nyingi hutunzwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta.

## Kutengeneza taswira ya diski

Taswira ya diski ni faili moja kubwa yenye nakala ya kila sekta, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ikishapatikana, majaribio yote hufanyika juu yake na diski mgonjwa hupumzishwa.

Programu inayotumika sana ni GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, na haina malipo. Tofauti yake na kunakili kwa kawaida ni mpangilio wa kazi. Kunakili kwa kawaida hufika kwenye sekta mbovu na kung'ang'ania hapo. Programu ya ddrescue huruka sehemu ngumu, hukusanya kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwenye zilizobaki na kuzipunguza kidogokidogo.

Mahitaji ni kompyuta inayoendeshwa na Linux, ambayo inaweza kuwashwa kutoka flashi bila kugusa Windows, na diski ya pili yenye nafasi kubwa kuliko diski nzima inayookolewa. Diski ya pili isiwe na mfumo wa FAT32, kwa kuwa mfumo huo haukubali faili inayofikia gigabaiti 4. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi cha programu hii huitwa gddrescue.

Amri ya lsblk huonyesha majina na ukubwa wa diski zote. Tuseme diski mgonjwa ni /dev/sdb. Ukiwa ndani ya folda ya diski ya pili, amri ya kwanza ni:

    sudo ddrescue -d -n /dev/sdb taswira.img ramani.map

Herufi -n huagiza programu isichokonoe sehemu mbovu katika mzunguko huu. Baada ya kumaliza, mzunguko wa pili hujaribu sehemu zilizobaki mara tatu:

    sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb taswira.img ramani.map

Mpangilio wa majina uhakikishwe mara mbili kabla ya kubonyeza: chanzo hutangulia, mahali pa kupokelea hufuata. Diski mgonjwa isifunguliwe katika kidhibiti cha faili wakati kazi inaendelea. Diski ikianza kugonga katikati ya kazi, kazi isimamishwe.

Faili ya ramani ndiyo moyo wa kazi hii. Huandikwa humo kila sehemu iliyosomwa na kila iliyoshindikana. Umeme ukikatika, au diski ikipata joto ikalazimu kuipumzisha, amri ileile ikirudiwa huendelea kutoka ilipoishia. Ramani ikifutwa, kumbukumbu ya kazi iliyofanyika hupotea na diski inayokaribia kufa hulazimika kusomwa upya.

Muda hutegemea hali ya diski. Diski nzima ya terabaiti moja ikisomwa kwa megabaiti 100 kwa sekunde humalizika kwa saa 3 hivi. Diski yenye sekta nyingi mbovu inaweza kuchukua siku kadhaa.

## Kutoa faili kwenye taswira

Ikiwa orodha ya faili imesalia, taswira hufunguliwa kama diski ya kawaida, kwa kusoma tu, na faili hunakiliwa pamoja na majina na folda zake. Ikiwa mgawanyo wa diski umepotea, programu ya TestDisk ya Christophe Grenier huutafuta.

Orodha ikiwa imeharibika kabisa, hutumika PhotoRec ya mwandishi huyohuyo. Programu hii haiangalii majina, bali hutafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili. Kwa mfano, picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, na hati ya PDF huanza na herufi %PDF. Njia hii hurudisha maudhui mengi lakini majina, tarehe na folda hupotea, na faili iliyokuwa imetawanyika sehemu mbalimbali za diski huweza kurudi ikiwa na kasoro. Kwa hiyo faili zifunguliwe na kukaguliwa kabla ya kusema kazi imekwisha.

## Imani zisizo sahihi

Kuweka diski kwenye friza ni ushauri wa zamani unaoendelea kusambaa. Diski iliyogandishwa ikitolewa huvuta unyevu, na matone yakijitengeneza juu ya sahani, vichwa hugonga. Kuipiga diski ili mota ikwamuke huleta madhara yaleyale.

Kubadilisha bodi ya saketi kwa kuchukua ya diski nyingine ya aina ileile kuliweza kufaa kwa diski za zamani. Katika diski za kisasa bodi hubeba vipimo vya diski moja tu, hivyo fundi hulazimika pia kuhamisha chipu yenye vipimo hivyo.

Diski iliyoingia maji isikaushwe juani wala kwenye mchele, na isiunganishwe na umeme. Maji yakikauka huacha chumvi na uchafu juu ya sahani. Wataalamu hushauri ifungwe katika mfuko usiopitisha hewa ikiwa bado na unyevu, kisha ipelekwe maabara haraka.

## Kazi ya maabara

Diski yenye vichwa vibovu hufunguliwa katika chumba safi, ambamo hewa huchujwa vumbi. Mafundi huweka vichwa vya diski nyingine ya muundo uleule, kisha husoma sahani kwa vifaa maalumu. Bei yake ni kubwa, na mafanikio hutegemea hali ya sahani. Utando ukishakwaruzwa, data iliyokuwa hapo haipo tena.

Mfano maarufu ni diski ya chombo cha anga cha Marekani Columbia, kilichovunjika tarehe 1 Februari 2003 kikirejea duniani. Diski yenye matokeo ya jaribio la fizikia ilipatikana miezi kadhaa baadaye huko Texas, ikiwa imeungua kwa nje. Kampuni ya Kroll Ontrack iliokoa takriban asilimia 99 ya data yake, na matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008. Sahani zilikuwa zimesalimika.

## SSD na flashi

Diski za SSD, flashi na kadi za simu hazina sahani wala vichwa. Mara nyingi hufa bila mlio wala onyo. Katika SSD nyingi, faili ikifutwa mfumo hutuma amri ya TRIM, na diski husafisha nafasi hiyo yenyewe. Kwa sababu hiyo faili iliyofutwa kwenye SSD mara nyingi hairudi, hata kama ingerudi kwenye diski ya sumaku.

## Hali katika Kigoma

Kidahwe ni kata ya Wilaya ya Kigoma Vijijini, kwenye barabara itokayo mjini Kigoma kwenda Kasulu. Kwa miaka mingi Kigoma na Ujiji zilitegemea umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO, nje ya gridi ya taifa. Kidahwe imechaguliwa kuwa mwisho wa njia ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Nyakanazi, mkoani Kagera.

Umeme unaokatika na kurudi ghafla ni hatari kwa diski kwa njia mbili: hukatiza uandishi na kuvuruga orodha ya faili, na mruko wa volti unaorudi nao huweza kuunguza bodi. Kompyuta ya mezani iwe na UPS. Stabilaiza peke yake hurekebisha volti lakini haishiki umeme ukikatika. Kompyuta mpakato yenye betri nzima ina kinga dhidi ya kukatika, na ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi ya ddrescue. Diski ya inchi 3.5 inayookolewa hutumia umeme wake peke yake, hivyo nayo iunganishwe kwenye UPS.

Hatari nyingine ni usafiri. Diski za nje hubebwa kwenye bodaboda, daladala na maboti ya ziwani. Izimwe kabla ya kuhamishwa, maana diski inayozunguka huumia kwa mshtuko mdogo kuliko iliyolala.

Fundi wa kompyuta wa mjini Kigoma au Ujiji anaweza kushughulikia uharibifu wa kimantiki na sekta mbovu. Diski inayogonga itahitaji safari ndefu hadi kwenye maabara. Ifungwe katika mfuko wa kuzuia umemetuli, izungushiwe sponji pande zote, na ikabidhiwe mtu aishike mkononi badala ya kuwekwa kwenye buti la basi.

## Faragha

Anayepewa diski anapewa pia barua, picha na siri zilizomo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Shule, zahanati au ofisi inayompa fundi diski yenye taarifa za watu hubaki na wajibu wa kuzilinda. Inafaa kukubaliana naye kwa maandishi ni faili zipi zinatafutwa, nani ataziona, na kwamba nakala zote zitafutwa baada ya kazi. Diski mbovu yenyewe irudishwe kwa mwenyewe.

## Nakala ya akiba

Njia ya uhakika kuliko zote ni kutolazimika kuokoa. Kanuni inayofundishwa sana huitwa 3-2-1: nakala tatu za kila faili muhimu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwa mwanafunzi inaweza kuwa kompyuta, flashi iliyo nyumbani, na nakala katika hifadhi ya mtandaoni au hata kwenye barua pepe yake mwenyewe. Faili za maandishi ni ndogo, na tasnifu nzima hutumwa kwa bando dogo. Nakala nayo ifunguliwe mara kwa mara kuhakikisha inasomeka, kwa sababu flashi iliyosahaulika mtoni mwa meza inaweza kuwa imekufa zamani.

Mfano wa kanuni hii uko katika mkoa wenyewe wa Kigoma. Utafiti wa sokwe wa Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma kandokando ya Ziwa Tanganyika, ulianzishwa na Jane Goodall mwezi Julai 1960. Watafiti wasaidizi Watanzania wamewafuata sokwe msituni na kuandika kumbukumbu kwa Kiswahili, kwenye karatasi. Karatasi hizo zilikusanywa Marekani, kwanza katika University of Minnesota na baadaye Duke University, zikanakiliwa kwa mashine na kuingizwa katika hifadhidata. Maisha ya sokwe mmoja yanaweza kupita miaka 40, na siku iliyoandikwa mwaka 1975 haiwezi kushuhudiwa tena. Kumbukumbu za namna hiyo hazitegemei kifaa kimoja: diski moja ikifa, karatasi ipo, na nakala nyingine ipo.